Sauti Ndani ya Malenge

Mtoto aliingia Nyumba ya Mapepo akiwa ameshika kidole cha mama yake. Mama alitokea mlango wa nyuma peke yake.

Mwanzoni watu walicheka. Mama alitoka akipiga mayowe, lakini humo ndani kila mtu alitoka akipiga mayowe. Hilo ndilo walilolipia. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Furaha Paki, bustani ya michezo iliyoko nyuma ya mtaa wa Ruring'u, ilikuwa imefurika watu waliokuja kusherehekea Halowini, ile sikukuu ya kutishana waliyoijua kupitia simu zao. Bembea kubwa ilizunguka. Muziki ulinguruma. Kisha mama yule akaanguka magotini.

"Anita wangu amechukuliwa," alisema.

Muziki ukazimwa.

Inspekta Nekoye wa idara ya upelelezi alipofika, umati ulikuwa tayari umeokota mawe. Wafanyakazi watano wa Nyumba ya Mapepo walikuwa wamebanwa ukutani, bado wamevaa manyoya na meno ya bandia.

"Hawa ni waabudu shetani!" mwanamume mmoja alifoka. "Wamemtoa mtoto kafara!"

"Wachomwe!"

Kijana mmoja aliyevaa sanda alikuwa ameketi chini, damu ikimchuruzika kutoka kwenye nyusi. Hiyo ilikuwa damu ya kweli.

"Jina?" Nekoye alimwuliza.

"Maxwel, madam. Mimi kazi yangu ni maiti tu. Nalala kwa jeneza, watu wakipita naamka. Sijaiba mtoto ya mtu."

Nekoye alipanda juu ya benchi.

"Sikilizeni! Mnataka nimtafute mtoto, ama nianze kuwashika nyinyi? Kila jiwe litakalorushwa litanichelewesha. Chagueni."

Mawe yalishuka, moja hapa, jingine pale. Hakuna aliyeondoka.

Mama wa mtoto alikuwa amefunikwa shuka ya mtu asiyemjua. Nekoye alikaa karibu naye.

"Unaitwa nani, mama?"

"Shiro."

"Na mtoto?"

"Anita. Ana miaka tano. Amevaa sweta ya manjano."

"Nieleze ilivyokuwa."

"Taa ilizimika. Wanaizimanga makusudi ndio watu washtuke. Kitu ikanigusa shingo. Nikajishika, hivi." Aliinua mkono wa kulia, akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Ni huu mkono nilikuwa nimemshika nao. Madam, nilimwachilia. Mimi mwenyewe nilimwachilia."

Nekoye hakumwambia asijilaumu. Yeye pia alikuwa na binti nyumbani, na yeye pia angejishika shingo.

"Baba yake?"

"Munene alikufa. Ajali ya barabara, mwaka juzi."

"Na watu wake?"

Shiro aliinamisha macho. "Hatuongeangi."

"Mna ugomvi?"

"Hapana. Ni vile mimi niliokoka, nikahama."

"Mtoto ana jina lingine la nyumbani, ambalo akiitwa gizani ataitika?"

"Anita tu," Shiro alijibu upesi.

Nekoye na Koplo Kinyua, mwenyeji wa Kianyaga mwenye mwili mkubwa na sauti ya upole, waliingia ndani. Njia ilikuwa nyembamba, kuta zake za turubai jeusi. Kitu kilidondoka mahali fulani, tone, tone. Tochi ya Nekoye ilimulika mkono mdogo uliochomoza chini ya kitanda.

Kinyua aliuvuta. Ulitoka mzima mzima, wa plastiki, umeandikwa mahali ulikotengenezwa.

"Hawa watu wana laana," Kinyua alinong'ona.

Mbele kidogo waliona soksi ndogo ya mtoto. Ilikuwa imelowa nyekundu. Safari hii haikuwa plastiki. Nekoye alichuchumaa. Kinyua alivaa glavu, akaiinua, akaisogeza puani.

"Koplo! Usilambe ushahidi!"

"Nimenusa tu, Afande. Hii ni sukari na rangi ya keki. Amekanyaga damu yao ya uongo, soksi ikamtoka."

"Itie kwenye bahasha. Maabara ndiyo itasema."

Lakini alishusha pumzi.

Nyuma kabisa, bati moja la ukuta lilikuwa limelegezwa misumari. Nje yake kulikuwa na ua wa miiba ya kayaba wenye pengo, na baada ya pengo, shamba la kahawa. Chini ya mti wa kahawa kilikuwa kimetupwa kichwa kikubwa cha plastiki: malenge lenye macho ya pembetatu na kinywa kinachocheka. Kwenye tope palionekana alama ya gurudumu la pikipiki.

"Chukueni alama za vidole ndani ya hicho kichwa," Nekoye aliwaamuru maafisa wa eneo la tukio. Kisha akamgeukia meneja, Wambugu, aliyekuwa akijipangusa jasho ingawa baridi ya mlima ilikuwa imeanza kushuka. "Nani alivaa hili malenge leo?"

"Barnabas."

"Yuko wapi?"

"Sijui, madam. Simu yake imezimwa."

"Anakaa wapi?"

"Alisema Kiganjo. Ni kijana mgeni, nimemwandika juzi tu. Mpole sana. Hata kutisha watu alikuwa hawezi, watoto walikuwa wanamcheka."

Nekoye alirudi kwa Shiro. "Unamjua mtu anayeitwa Barnabas?"

"Simjui." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Ni nani? Madam, huyo Barnabas ni nani?"

Mtu asiyejulikana, jina moja, pikipiki moja. Nekoye aliwahi kushughulikia kesi za watoto walioibwa na watu wasiojulikana. Hakupenda kuzikumbuka zilivyoisha.

Shahidi wa kwanza wa maana alikuwa Phyllis, mama aliyeuza bhajia ng'ambo ya kayaba.

"Nilisikia mtoto analia," alisema. "Nikadhani ni hawa watu wa kutishwa. Alafu nikasikia sauti ya mwanaume, kama iko ndani ya mtungi. Ikasema, 'Kira, maitu. Kira.'"

"Maana yake?"

Kinyua alifasiri kutoka lugha ya kwao. "'Nyamaza, mama. Nyamaza.'"

"Alikuwa akimwambia mwanamke?"

"Maitu ni mama mzazi, Afande. Si kama Kiswahili, ati unaita mtoto yeyote mama. Alikuwa anaongea na mtu mzima."

"Ulimwona mwanamke?" Nekoye alimwuliza Phyllis.

"Mimi sikuona mtu. Niliskia pikipiki tu, ikaenda."

Kwa hiyo walikuwa wawili. Nekoye alitoa taarifa kwenye redio: vizuizi vyote vitafute mwanamume na mwanamke wa makamo, juu ya pikipiki, pamoja na mtoto msichana. Majibu yakaanza kuja. Karatina, hakuna. Mweiga, hakuna. Kwenye barabara ya Othaya walisimamisha mume na mke waliokuwa wakimpeleka mtoto wao hospitali. Kila jibu lilipokuja, Shiro aliinuka, kisha akaketi.

Ukungu ulianza kushuka juu ya shamba la kahawa. Umati ulikuwa ukinung'unika tena.

Simu ya Kinyua ililia. Aligeuka kando, akaongea kwa sauti ya chini.

"Ii, maitu. Nitachelewa. Kula, ulale, usiningoje. Sawa, maitu."

Nekoye alimtazama alipokuwa akiirudisha simu mfukoni.

"Kinyua. Mama yako si tulimzika Aprili? Mimi nilikuja hadi Kianyaga."

"Ulikuja, Afande."

"Sasa ulikuwa unaongea na nani?"

"Na msichana wangu wa darasa la pili. Amebeba jina la mama, kwa hivyo namwita..."

Kinywa kilibaki wazi.

"Malizia, Koplo."

"Kwa hivyo namwita maitu." Alijipiga paji la uso kwa kiganja. "Ngai! Afande, ni kitu nafanya kila siku mpaka nimesahau nakifanya. Hakukuwa na mwanamke. Alikuwa anamwambia mtoto!"

"Yaani mtoto ana jina la mama yake huyo mwizi."

"Eeh. Lakini anaitwa Anita. Hakuna nyanya wa huku anaitwa Anita."

Nekoye alikuwa ameshaanza kutembea. Alichuchumaa mbele ya Shiro, uso kwa uso.

"Mtoto wako alizaliwa akiitwa nani?"

"Nimekwambia ni..."

"Shiro. Giza linaingia. Alizaliwa akiitwa nani?"

Mwanamke aliivuta shuka kifuani.

"Ngendo," alisema. "Jina la mama ya Munene. Munene alipokufa, mhubiri aliniambia hilo jina liko na mauti, ati ndilo lilimmeza. Nikamwombea mtoto jina lingine. Niliogopa, madam. Nilifikiri nikimwita kitu ingine, kifo haitamjua."

"Munene alikuwa na ndugu?"

"Mmoja. Theuri."

"Jina lake la ubatizo?"

Shiro alifikiri. Kisha akaweka mikono yote miwili mdomoni.

Kwa gari la polisi, Wamagana, nyumbani kwa kina Munene, haikuwa mbali, lakini barabara ya mwisho ilikuwa tope. Shiro alikaa kiti cha nyuma akiomba bila sauti. Walipokata kona ya mwisho, taa za gari zilimulika boma lililojaa watu. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani. Wanawake waliojifunga leso walikuwa wakiimba polepole, vile watu huimba nyumba inapokuwa na msiba.

"Amekufa!" Shiro alilia. "Mtoto wangu amekufa!"

Aliruka kabla gari halijasimama. Nekoye alimfuata mbio, mkono kwenye kiuno ilipokuwa bastola.

Mwanamke mmoja mlangoni alifungua mikono. "Shiro! Umekuja kweli! Theuri alisema utafuata."

Ndani, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na jiko la makaa, alilala mwanamke mzee aliyekonda hadi mifupa ya uso ikahesabika. Kando yake, katika sweta ya manjano na soksi ya mguu mmoja, Anita alikuwa akila kiazi kitamu.

"Mami," mtoto alisema, "niliona malenge ikivua kichwa."

Shiro alimnyakua. Alimpapasa kichwa, mikono, miguu, tumbo. Mzima. Ndipo akaketi sakafuni na mtoto wake.

Kijana aliyekuwa pembeni alisimama. Hakujaribu kukimbia.

"Jina kamili?" Nekoye aliuliza.

"Barnabas Theuri."

"Ulimchukua huyu mtoto?"

"Nilimchukua."

"Ulipanga?"

"Nilipanga. Niliomba kazi pale kwa sababu ya hivyo vichwa, ndio Shiro asinijue. Tiketi nilipea jirani yake, nikamwambia ampelekee kama zawadi. Taa ilipozimika nilimgusa Shiro shingo."

"Mtoto alilia."

"Sana. Mpaka nilipovua ile malenge. Mimi nafanana na baba yake."

"Kwa nini, Theuri?"

Kijana alikitazama kitanda. "Hospitali walituambia tumrudishe mama nyumbani. Tukaelewa. Tangu siku hiyo anauliza swali moja tu: Ngendo yuko wapi? Kwetu, madam, ukiacha mtoto mwenye jina lako hujaenda kabisa. Uko pale nje, unacheza, unaanguka, unapakwa mafuta. Mama alikuwa analala hapa akijua hakuna mtu anabaki."

"Ungebisha mlango!" Shiro alipaza sauti kutoka sakafuni. "Unajua vile umenifanyia leo? Ungekuja kwangu ubishe!"

"Nilibisha, shemeji. Ulizima taa."

Nje, wanawake walimaliza ubeti.

"Maxwel amepasuliwa nyusi kwa ajili yako," Nekoye alisema. "Karibu wachomwe, wote watano."

Uso wa Theuri ulibadilika. "Sikujua."

"Hukungoja ujue. Lete mikono."

Sauti kavu ilitoka kitandani. "Theuri. Ulisema Shiro amemtuma."

"Mama..."

"Umeniletea mtoto wa wizi?"

Theuri alianza kulia kama mtoto, na pingu zikafungwa huku analia. Kinyua alimtoa nje akimshika begani, si kwa ukali.

Mwanamke mzee alimtafuta Shiro kwa macho. "Mimi nilimuuliza anaitwa nani. Akaniambia Anita. Nikamwambia ni jina zuri." Alipumzika. "Ni zuri kweli. Mpeleke nyumbani, baridi imeshuka."

"Twende, mama," Nekoye alimwambia Shiro kwa upole. "Utaandikisha taarifa kituoni. Kesi ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi."

Shiro alisimama, mtoto kiunoni. Lakini Anita alikuwa amegeuka nyuma, akimtazama bibi aliyempa kiazi.

"Na wewe unaitwa nani?" mtoto aliuliza.

"Mimi? Mimi ni Ngendo."

Macho ya mtoto yalifunguka. "Hata mimi! Hata mimi nilikuwa naitwa hivyo, kabla nikuwe mkubwa!"

Kitandani palitoka sauti ndogo. Nekoye hakujua kama ilikuwa kicheko.

Shiro alisimama mlangoni, kisha akageukia kitanda.

"Taarifa nitatoa," alisema. "Na kortini nitakuja, nitasema yote. Lakini gari lije lituchukue hapa kesho, madam."

Akavua viatu, akampandisha mtoto kitandani, kisha akapanda na yeye.