Mitoo ya Mlimani

Kila Jumamosi Nanzala humsaidia mama yake, Leonida, kuuza mboga katika kibanda chao kule Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Hukatakata sukumawiki, huyanyunyizia managu maji yasinyauke na kuwaita wateja kwa sauti ya kumwamsha aliyelala. Msimu mmoja mboga moja tu ilikuwa imeadimika: mitoo. Ni mmea wa jamii ya maharagwe, majani yake huwa machungu kidogo lakini matamu ajabu yakipikwa kwa maziwa. Wateja waliiulizia kila mara, na kila mara waliondoka wakitikisa kichwa.

Basi Ijumaa moja wakati wa likizo, Nanzala alifuatana na rafiki yake Jemutai hadi kwa nyanya yake Jemutai, chini ya milima ya Cherang'any. Jioni walipopanda mlimani kutafuta kuni, Nanzala alisimama ghafla.

"Jemutai, tazama! Mitoo imejiotea yenyewe!"

Mteremko mzima ulikuwa umechanua maua ya manjano. Nanzala alisahau kuni. Alichuma huku na huku, akijaza gunia dogo.

Jemutai aliinama, akagusa mmea mmoja. "Nanzala, huu si kama ule mwingine. Gusa ganda lake, lina manyoya kama kiwavi."

"Mitoo ni mitoo," Nanzala akajibu bila kugeuka. "Wewe kwenu mnakunywa mursik, maziwa yenu ya kibuyuni, mambo ya mitoo utayajulia wapi?"

Wakacheka wote wawili, na uchumaji ukaendelea.

Kesho yake saa nne asubuhi gunia lilifika kibandani. Leonida alifurahi hadi akaimba. "Mwanangu, umeniokoa! Umeichagua vizuri? Huko mlimani mna mimea inayofanana na mitoo."

"Nimechagua mmoja mmoja, Mama," Nanzala alisema. Neno lilimtoka upesi, kabla hajalifikiria.

Mama Waceke, jirani yao mwenye maneno mengi na kicheko kikubwa, alikuwa wa kwanza kununua. Alibeba fungu lake akisema leo watoto wake watalamba sahani.

Nanzala aliketi kuchambua iliyobaki. Mkono wa kushoto ulishika shina lenye maganda laini, membamba. Mkono wa kulia ulishika jingine, na kitu kikamkwaruza kidole. Alitazama. Maganda yalikuwa mafupi, manene, yenye manyoya, na majani yalikuwa mapana kuliko yale mengine. Kiwavi! Maneno ya Jemutai yalimrudia.

Angeweza kuyatupa kimyakimya yale yenye manyoya. Mama asingejua. Lakini fungu la Mama Waceke je?

"Mama," alisema, "nimekudanganya. Sikuchagua. Jemutai aliniambia ziko aina mbili, nikampuuza. Na Mama Waceke ameshaenda nayo."

Leonida hakugomba. Aliangusha kisu. "Kimbia! Mwambie asipike! Nakuja nyuma yako."

Nanzala alikimbia, kandambili moja ikabaki njiani. Alimkuta Mama Waceke akikoroga sufuria jikoni, watoto wameshajipanga na sahani zao.

"Mama Waceke, usiwape! Nimechanganya mboga, nyingine si mitoo!"

"Ati nini? Na ugali wangu umeshaiva!"

Mama Waceke aliitazama sufuria, akamtazama msichana aliyehema na mguu mmoja mtupu. Aliitoa mboga nje na kuimwaga shimoni. Leonida alipofika, alikuwa amebeba fungu kubwa la managu. "Pole sana, Mama Waceke. Hili ni la kwako, bure." Ugali haukupotea.

Siku hiyo gunia lile halikuuzwa tena. Shule ilipofunguliwa, Nanzala na Jemutai walimpelekea Mwalimu Kipyego, mwalimu wao wa kilimo, mashina mawili. Mwalimu aliyageuza juu na chini.

"Huu ni mitoo," alisema. "Na huu ni ndugu yake wa porini. Wanafanana kama watoto wa baba mmoja, lakini baadhi ya ndugu hao wana sumu inayoweza kuua hata ng'ombe. Mmea usioujua kwa hakika, usile wala usimpe mtu."

"Jemutai ndiye aliyeona tofauti, Mwalimu," Nanzala alisema. "Mimi sikutaka kusikia." Jemutai aliinamisha uso, akitabasamu.

Jumamosi iliyofuata Leonida alipata mitoo ya shambani. Mama Waceke alifika mapema, akawapita wanawake wawili waliosimama mbele.

"Nataka fungu moja," alisema, "na nataka achague Nanzala."

Nanzala alishangaa. "Mimi? Baada ya niliyoyafanya?"

"Ndiyo, wewe. Kukosea, kila mtu hukosea. Lakini ungenyamaza, watoto wangu wangekula. Ulikuja mbio ukajisema mwenyewe, na mtu wa namna hiyo ndiye ninayemwamini na chakula changu." Kisha akaangua kicheko. "Haya, chagua! Na safari hii uguse kila ganda!"

Nanzala aliinama juu ya kikapu, akaanza kuchagua mmoja mmoja.