Mashua Ni Moja

Jumamosi kisiwani kwetu hakuna anayekaa bure. Wavulana hukuna nazi, wasichana hufagia ua wa kanisa, na wanaume huvuka mlango wa bahari kwenda kisiwa cha mashamba, wakachimbe viazi vikuu na magimbi ya mlo wa Jumapili. Jumapili hakuna anayegusa jembe.

Jumamosi ile Losaline alikuwa ameegemea fagio lake, akijizoeza sala kwa sauti. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mwaka huo mwalimu wa shule ya Jumapili alitaka msichana mmoja wa kuongoza sala katika Sikukuu ya Watoto, mwezi wa Mei.

"Ewe Mwenyezi uliyezikunjua mbingu kama mkeka mpya," alisema, mkono mmoja juu, "uliyeipa bahari mipaka yake..."

"Mungu keshalala," akasema Fusi. "Sala gani ndefu kama kamba ya nguruwe!"

"Yako je? Inatokea puani!"

Fusi alikuwa binamu yake. Baba zao walikuwa ndugu wa tumbo moja: Semisi, baba yake Losaline, na mdogo wake Hopoate, baba yake Fusi. Wanaume hao walishirikiana kila kitu, hata mashua. Binti zao walishirikiana ugomvi tu. Fusi naye aliitaka nafasi ile ya sala, na tangu Pasaka hapakupita siku bila ya kurushiana maneno.

"Nawasikia!" ilitoka sauti nyumbani kwa Shangazi Lavinia. Wote wawili wakainamisha vichwa na kufagia mbio.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Semisi na Hopoate. Kwetu shangazi ndiye mkuu wa ukoo. Ndugu zake wakipita mbele yake huinama, na watoto husema naye wakiwa wameketi. Losaline hakuwahi kumwona Shangazi Lavinia akiinama mbele ya mtu yeyote.

Ilipata saa tisa alasiri mlio uliposikika. Haukufanana na radi. Ulipita kifuani kama ngumi, mabati ya nyumba yakatetemeka, nguruwe wakakimbia wakilia. Losaline alipotazama magharibi, aliona wingu jeupe likipanda kutoka baharini, likipanda bila kukoma, mpaka likawa refu kuliko mawingu yote aliyowahi kuyaona. Volkano ya chini ya bahari ilikuwa imelipuka.

Kisha maji yakaanza kurudi nyuma. Yaliondoka polepole, matumbawe yakabaki wazi, na samaki wakirukaruka juu ya mchanga.

"Kilimani!" Shangazi alipiga kelele. "Acheni vitu! Bebeni watoto! Kilimani!"

Walikimbia wote. Kilima chetu si kirefu, lakini ndicho tulicho nacho. Walipofika juu na kugeuka, bahari ilikuwa inarudi. Iliingia kijijini kama mtu anayeingia kwake, ikabeba nyumba za pwani na ukuta mmoja wa kanisa, ikafika miguuni pa kilima, ikasimama.

Mzee wa kijiji aliita majina. Kila familia iliitika. Alipofika kwa Semisi, kukawa kimya. Alipomwita Hopoate, kimya.

"Walivuka asubuhi na wenzao, ila wao hawajarudi," akasema mama yake Losaline.

Majivu yakaanza kunyesha. Yalianguka laini kama unga, yenye harufu ya kiberiti, na kabla ya saa kumi na moja jua likafifia kama taa iliyoishiwa mafuta. Giza likaingia mchana. Haikuwa kama giza la usiku, maana usiku una nyota. Lile lilikuwa zito, mtu hakuuona mkono wake mwenyewe, ila pale radi ilipochora mstari mwekundu ndani ya wingu. Hapo uso wa kila mtu ulionekana mara moja, wa kijivu, kama sanamu, kisha ukapotea.

Losaline alisimama. Aliinua mkono kama alivyozoea.

"Ewe Mwenyezi uliyezikunjua mbingu..." Maneno mengine hayakuja. Akapaza sauti. "Mrudishe baba yangu! Nimekuomba kila siku! Nimejifunza sala zote! Mrudishe baba yangu sasa hivi!"

"Mrudishe baba yangu!" Fusi akapiga kelele upande wa pili, kwa sauti kubwa zaidi. "Baba yangu, Mungu! Baba yangu!"

"Baba yangu!"

"Wangu!"

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza. Shangazi Lavinia aliwapapasa gizani mpaka akashika mkono wa kila mmoja.

"Mashua ni moja," alisema polepole. "Mnataka Mungu aikate vipande viwili? Hiki cha baba yake Losaline, kile cha baba yake Fusi?"

Akawavuta wote wawili karibu.

"Na nani kawafundisha kumwamuru Mungu kama mnamtuma dukani? Wale wote wawili ni ndugu zangu. Nimewabeba mgongoni. Lakini mimi sina amri hapa. Hakuna mwenye amri hapa."

Radi ilimulika. Ndipo Losaline akaona jambo ambalo hakulisahau hata alipokuwa mtu mzima. Shangazi alikuwa anapiga magoti. Kisha akainama zaidi, mpaka paji la uso likagusa majivu. Nyuma yake mzee wa kijiji akapiga magoti, na mama zao, na watu wote wa kilima, mmoja baada ya mwingine. Losaline aliwasikia gizani, nguo zikichakarika, kama upepo unaopita shambani.

"Baba," Shangazi akasema, "sisi ni vumbi lililokaa juu ya vumbi. Hatujui njia. Wale watu ni wako kabla hawajawa wetu. Tuhurumie."

Ilikuwa hivyo tu. Losaline alilala kifudifudi. Ukimya ule ulikuwa mkubwa kuliko hofu yake, na alihisi kwamba kuna aliyekuwa anawasikiliza.

"Mungu," akanong'ona, "ni mimi, Losaline. Nilimwombea baba peke yake. Nisamehe. Na baba mdogo Hopoate arudi. Fusi asikose baba."

Vidole vya Fusi vikabana vyake. "Na baba mkubwa Semisi," Fusi akasema huku akilia. "Nisamehe na mimi."

Shangazi akaanzisha wimbo wa kanisa, ule wanaoimba wazee kwenye mikesha. Wanawake wakaupokea, kisha sauti nzito za wanaume, na kilima kizima kikaimba ndani ya giza. Walipomaliza walianza tena. Waliimba mpaka makoo yakakauka kwa majivu, na waliochoka wakapokewa na wengine.

Hawakujua wameimba kwa muda gani. Ghafla, kutoka chini, mtu akaitikia. Alikuwa anaimba vibaya, akikohoa kila neno la pili.

"Huyo ni Hopoate!" Shangazi akasema. "Hakuna mwingine anayeharibu wimbo namna hiyo!"

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Vijana waliteremka wakishikana mikono, wakarudi na wanaume wawili weupe kwa majivu. Hopoate alikuwa amevunjika mkono mashua ilipogonga matumbawe pwani. Semisi alikuwa amemshikilia kiunoni.

"Wimbi lilitukuta kwenye kina tukirudi, likatuinua tu," Semisi alieleza alipopata pumzi. "Kisha injini ikazimika na giza likatufunika. Mimi nimevuka mlango ule miaka ishirini. Nilijidai naijua njia. Tukapiga makasia, tukazunguka tu. Nikaweka kasia chini nikasema, 'Bwana, sijui.' Sikuwahi kusema hivyo maishani. Na nilipoacha kupiga kasia ndipo nikawasikia. Mlikuwa nyuma yangu kabisa. Nilikuwa naelekea bahari kuu."

Losaline alimkumbatia baba yake. Alijihisi kama mtu aliyepitiwa na kitu kikubwa kwa karibu sana.

Asubuhi mwanga ulirudi, hafifu. Kisiwa kizima kilikuwa cha kijivu, bila jani moja la kijani. Wasichana wawili waliketi mbele ya Shangazi, mabega yamegusana.

"Shangazi," Losaline akauliza, "tusingeomba vile, wasingerudi?"

"Mwanangu, hayo siyajui, na usimwamini anayesema anayajua. Wapo walioomba kwa unyenyekevu na bado wakazika. Ninachojua ni hiki. Shida ikija, nenda kwa Mungu mikono mitupu. Usiende na sifa zako, wala usimwache mwenzio nje ya mlango. Ukijishusha, utasikia. Aliyejaa kelele zake mwenyewe hasikii hata wimbo wa kumrudisha nyumbani."

Akainuka, akajikung'uta majivu magotini, akawapa koleo moja.

"Haya, amina tumeshasema. Ni Jumapili, lakini matangi ya maji hayatajisafisha. Mmoja achote, mwingine abebe."