Sakafu Isiyokauka

Jana sakafu ilikuwa kavu. Anold aliigusa kwa kiganja kabla ya kufunga mlango, akaridhika. Asubuhi ilikuwa imelowa tena mahali palepale, chini ya kitanda kidogo cha mbele. Doa halikuwa kubwa kuliko unyayo wa mtu.

Lilikuwa karavani, chumba cha magurudumu cha kulala watalii, kinachovutwa na gari. Bwana Primus wa Kwa Sadala alilinunua likiwa kuukuu, likaingia nchini kupitia mpaka wa Holili. Mvua za miaka zilikuwa zimepenya dirisha la paa na kuozesha sakafu. Ukikanyaga, plaiwudi ilibonyea kama mkate. Anold, fundi seremala wa Pasua, aliliegesha uani kwake. Aliziba dirisha kwa silikoni, akang'oa kapeti la plastiki, akaacha mlango wazi siku tatu jua la Januari liingie. Wiki ile hakuna tone la mvua lililoanguka Moshi.

"Labda bomba," alisema mkewe, Digna, akimwekea chakula.

"Upande huo hauna bomba."

"Basi Joyness amemwaga maji."

"Mama Joyness, mtoto amemwaga maji amelala?"

Anold alichagua kipande cha nyama kwenye sahani yake, akamtilia mtoto mdomoni. Alifanya hivyo kila siku, hata nyama ikiwa moja tu. Digna alipenda kutazama jambo hilo kuliko kula.

Joyness alikuwa na miaka mitatu. Alilipenda karavani kwa sababu lilikuwa na meza ndogo na vitanda vidogo, vitu vya kimo chake. Aliingia peku na kulikanyaga lile doa. Maji yake yalikuwa baridi kama ya mfongo, mfereji ule unaoshuka kutoka msituni juu mlimani, na yalinuka majani yaliyooza, wakati nje jua lilikuwa linachoma mabati.

Jumanne mtoto alikanyaga kaa la moto jikoni. Digna alianza kusikia harufu ya kuungua. Alipogeuka alimwona Joyness amesimama juu ya kaa, anamtazama mama yake na kutabasamu.

"Joy, toka hapo. Huumii?"

"Siumii."

Alimbeba mbio hadi zahanati. Muuguzi alisafisha kidonda taratibu, kisha akamfinya vidole vya miguu kimoja kimoja.

"Hasikii kitu," alisema. "Mlete tena Jumatatu daktari akiwepo." Akatoa biskuti kwenye mkoba wake mwenyewe, akampa mtoto.

Jumatano ganzi ilifika magotini.

Mchana huo Anold aliinua ubao uliokuwa chini ya doa. Alimwita mkewe kwa sauti ya chini.

"Njoo usikilize."

Digna aliinama pembeni yake. Chini ya ubao palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja, halafu bati, na mle ndani hamkuwa na kitu, hata mende, lakini palisikika meno yakigongana, taratibu, meno ya mtu aliyekaa kwenye baridi muda mrefu sana, na kila walipoinama yalinyamaza, na kila walipoinuka yalianza tena, karibu zaidi, mpaka Digna akahisi pumzi ya baridi ikipita juu ya nyayo zake na kupanda kwenye mashavu ya miguu, na baada ya hapo hakuihisi miguu.

"Baba Joyness, kidole chako kinatoka damu. Umejigonga na nyundo."

Anold alikitazama kidole gumba. "Nimejigonga saa ngapi?" aliuliza.

Jirani yao Rukia alichungulia juu ya ukuta. "Mama Joy, leo hata redio kimya. Mmenuniana, au mmekatiwa umeme?"

Digna alimweleza. Rukia hakutania tena. Alikwenda kumwita mumewe, Mwalimu Yunusu, mzee anayefundisha madrasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

Yunusu alivua viatu, akaingia ndani ya karavani, akatoka upesi.

"Ni jini," alisema. "Amekuja na hili gari. Hakuwa na ugomvi nanyi, lakini mmembomolea makazi, na mtoto ndiye aliyemkanyaga kwanza. Kesho nitafunga, Ijumaa nitakuja kumsomea atoke. Mpaka hapo msimpe kitu, msimwombe kitu. Nataka nimkute bado mgeni."

Anold aliuliza alipe nini. "Mnunulie mtoto maziwa," alijibu Yunusu, akavaa viatu vyake.

Alhamisi ganzi ilifika kiunoni. Joyness hakuweza tena kusimama. Alikaa kitandani pale alipowekwa, anacheza na vifuniko vya soda, wala hakulalamika. Anold alikuwa amekwenda mjini kutafuta plaiwudi. Digna alipiga hesabu ya saa mpaka Ijumaa mchana, na akaona kwamba kiuno kiko karibu sana na moyo.

Alikwenda kwenye uzio wa jirani mwingine, Bibi Sifael, akachuma jani la isale. Kwa Wachagga, aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani hilo likiwa limefungwa fundo, na hakuna anayelikataa. Likishapokelewa, ugomvi umekwisha, na hakuna wa kuufufua. Aliufikiria pia ule mgongano wa meno. Chochote kilichokuwa mle kilikuwa na baridi, naye alishindwa kutokionea huruma.

Aliliweka jani kwenye nafasi ile.

"Tumekubomolea," alinong'ona. "Tusamehe. Mwachie mtoto wangu."

Meno yalinyamaza. Jani lilianza kusogea, ncha yake kwanza, pole pole, kwa heshima, kama linavyopokelewa na mtu anayetumia mikono miwili, likaingia chini ya ubao uliofuata, na mbele ya macho yake mbao zikaanza kukauka, kuanzia kwenye doa kwenda pembeni, mpaka sakafu yote ikawa nyeupe na harufu ya majani ikaisha.

Nyumbani Joyness alipiga kelele. Kidonda kilikuwa kinamuuma. Alilia kwa nguvu zote, akirusha miguu yote miwili.

Digna alisimama mlangoni. Alijua hiki ndicho kilio alichokuwa akikiomba kwa Mungu. Alikisikia kama redio ya nyumba ya pili.

Ijumaa Yunusu alisoma kwa muda mrefu ndani ya karavani. Alipotoka alisema, "Humu hamna kitu." Kisha akamtazama Digna, akaendelea kumtazama.

"Ulimpa nini, binti yangu?"

"Isale."

Yunusu alizaliwa Pasua, alijua maana ya jani hilo. Alikaa juu ya rundo la mbao zilizooza.

"Akapokea?"

"Alipokea."

"Mgeni ningemtoa," alisema. "Huyu mmeshapatana, na amehamia kwako. Nimtoe kwa kosa gani?"

Anold aligeukia ukutani. Rukia aliushika mkono wa Digna, akausugua katikati ya viganja vyake ili upate joto. Aliusugua mpaka viganja vyake mwenyewe vikawa baridi, na hata hapo hakuuachia.

Jumatatu ile Bwana Primus alifika kuchukua mali yake. Aliikanyaga sakafu mpya kwa kisigino, akamsifu fundi, akalivuta karavani kwenda Kwa Sadala.

Jioni Digna alimwogesha mtoto. Alimbadilisha bandeji, akampikia uji, akaupoza, akamfunga kanga kifuani baridi isimwingie. Hakusahau kitu hata kimoja. Joyness alikunywa uji wote, kisha akageuka akaketi akiutazama mlango.

"Unamngoja nani?" aliuliza Digna.

"Mama."

"Mimi hapa."

Mtoto alimtazama usoni kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Halafu aliugeukia mlango, akaendelea kungoja.