Gari Lililomwelewa Daktari Damari

Nzi-pima walitoka kwenye mzinga wao wa chuma wakalifunika lile gari la buluu lililopondeka. Walikuwa mamia, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama, na kila mmoja alikuwa na jicho lake na sindano yake ya kugusia. Waliingia chini ya boneti, wakapenya kwenye mlango uliojikunja, wakatambaa juu ya chasisi wakipima nyufa ambazo macho ya mtu yasingeziona. Walipomaliza walirudi mzingani kwa mstari mmoja, na Mkadiri, ile akili unde iliyowatuma, akatoa uamuzi kabla vumbi walilolitimua halijatua. Neno moja liliwaka kwa rangi nyekundu juu ya ua: FUTA.

Mhandisi Tunsume Mwakalinga alikuwa akitazama kutoka dirisha la ghorofani, kikombe cha chai kikiwa kimepoa mkononi. Yeye ndiye aliyemuunda Mkadiri, hapa Ihumwa, mashariki mwa Dodoma, kwa ajili ya shirika la bima la Kinga Njema. Watu wa makamo walikumbuka jinsi mambo yalivyokuwa zamani: mkaguzi anakuja akijisikia, anazunguka gari lililogongwa, anaguna, na mwenye gari asipomshika mkono vizuri anasubiri hadi anakata tamaa. Mkadiri hakujua kushikwa mkono. Akiona gharama za matengenezo ziko chini ya thamani ya gari sokoni, alisema TENGENEZA, na gari likapelekwa kwa mafundi-roboti siku hiyo hiyo. Zikizidi, alisema FUTA. Mwenye gari alilipwa bei ya gari lake, na gari lenyewe likawekwa kwenye mkanda mpana wa chuma uliokuwa ukielekea kwenye Kisagio.

Kisagio kilisaga kila kitu, hata ubongo wa gari. Hiyo ilikuwa sheria ya nchi. Miaka ya nyuma wezi walikuwa wakichomoa ubongo kutoka kwenye magari yaliyofutwa na kuupachika kwenye magari ya wizi, ili vizuizi vya barabarani viyatambue kwa majina ya watu wengine. Bunge likaamua kwamba gari likifutwa, lifutwe lote.

Tangu asubuhi Tunsume hakuwa ametulia. Mkadiri alikuwa karibu kupelekwa Mwanza, Tanga na hata Mbeya, kwao Tunsume, na kila mtu alimpongeza, lakini yeye alikuwa kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba kisha akaendelea kurudi kushika kitasa. Alikuwa amepitia hesabu zote. Zilikuwa sawa. Akakaa, akasimama, akarudi dirishani.

Hapo ndipo mlinzi wa getini alipompigia kumwambia kuna mama mmoja amelewa anataka kuingia uani.

Tunsume alishuka. Alimkuta mama wa miaka hamsini na kitu, amevaa buti za mpira na koti la kazi lenye matope makavu, ameegemea fimbo kwa mkono wa kushoto. Upande wake wa kulia ulikuwa mzito, na mdomo wake ulikuwa umevutwa kidogo pembeni. Tunsume alimwamkia shikamoo. Mama akajibu, lakini neno lilitoka limelegea, silabi zimeingiliana, na yaliyofuata hayakueleweka kabisa. Tunsume akaona mara moja kwamba huyu hakuwa mlevi. Alikuwa amepata kiharusi. Akamwomba arudie. Mama akarudia, polepole, jasho likimtoka, na Tunsume akaambulia neno moja tu: gari.

Mama alipoona haeleweki, hakubishana tena. Alimpita mlinzi, akavuka ua akikokota mguu, mpaka kwenye lile gari la buluu ambalo mikono ya chuma ilikuwa imeshalipandisha kwenye mkanda. Akaweka kiganja kwenye bodi akasema kitu. Ndani ya gari taa moja ndogo ikawaka, na kutoka kwenye spika iliyopasuka ikasikika sauti ya kukwaruza lakini yenye maneno yaliyonyooka.

"Daktari anasema yeye si mlevi," gari lilisema. "Anaitwa Damari Chilongola. Ni daktari wa mifugo, Bahi. Anasema amepiga simu hapa tangu juzi na hakuna aliyemsikia."

Tunsume alisogea karibu na spika. Kisha akauliza, na Damari akajibu kwa lugha yake iliyovunjika, na gari likaiunga. Hivyo ndivyo alivyoipata habari yote. Damari alipatwa na kiharusi akiwa zizini, miaka minne iliyopita. Mkono wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito. Mashine zote zinazoongozwa kwa sauti zilimkataa: simu, benki, mlango wa kliniki yake mwenyewe. Gari hili tu ndilo lililoendelea kujaribu. Kila asubuhi alilisemesha, nalo likakosea, naye akalirekebisha, na baada ya miaka miwili lilikuwa likimwelewa hata akinong'ona. Lilijifunza pia jinsi anavyoegemea kushoto akitaka kukata kona. Alipofika kwa wafugaji, lilimsemea kupitia spika ya nje: ng'ombe huyu ana ndigana ya kupe, huyu msimchanje leo. Juzi, kundi la mbuzi lilikatiza barabara, yeye na gari wakakwepa pamoja, wakaishia kwenye ukuta wa kalavati.

"Daktari anasema fedha za gari jipya hazitaki," gari liliongeza. "Anasema gari jipya ataanza nalo moja, na nguvu za kufundisha tena hana."

Tunsume alimwambia asubiri hapo hapo, asiondoke, na akapanda ngazi mbili mbili.

Mkurugenzi, Bwana Rwechungura, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mizania, na alizijibu hoja moja moja. Chasisi ya lile gari ilikuwa imepinda. Ingeweza kuvunjika siku yoyote na kumuua mama wa watu. Thamani ya gari ni bei ambayo mnunuzi atatoa. Gari linalomwelewa mtu mmoja tu haliongezeki bei hata kidogo, maana mtu huyo mmoja ndiye muuzaji. Wakianza kulipia mapenzi ya watu na magari yao, kesho kila mteja atasema la kwake linamjua.

"Si mapenzi," Tunsume alisema. "Ni ulimi wake. Tunataka kuusaga ulimi wa mtu."

Rwechungura alikuwa anafungua kinywa kujibu, ngoma kubwa ya Kisagio ikanyamaza. Mlio wake ulikuwa umezoeleka kiasi kwamba ukimya ndio uliowashtua. Wakakimbilia dirishani.

Mkanda ulikuwa umesimama. Magari mabovu yalikuwa yamepangana juu yake kama magunia, na lile la buluu lilikuwa limefika karibu na mdomo wa Kisagio. Daktari Damari alikuwa ndani yake. Alikuwa amejipenyeza kupitia mlango uliojikunja, akakaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mkanda kifuani kwa mkono wake mmoja. Kisagio kilikuwa kimehisi joto la mwili, na mashine yoyote ya aina ile haiwezi kusaga penye kiumbe hai.

Walishuka wote wawili. Tunsume aliogopa kwamba mkubwa wake atawaita askari. Rwechungura alisimama kando ya mkanda, tai ikipepea, akamwomba mama ashuke kwa usalama wake. Damari akasema maneno machache, na gari likayarudia.

"Daktari anasema, umemwomba kitu, naye amekuelewa. Sasa na yeye anaomba kueleweka."

Rwechungura aliitazama chasisi iliyopinda. Halafu akairudia ile hoja ya ghorofani kama swali: chasisi ikivunjika barabarani, nani atabeba lawama? Damari akajibu kwa kirefu safari hii, na gari lilingoja mpaka akamaliza.

"Daktari anasema ng'ombe akivunjika mguu, mguu ndio unaotazamwa. Humtupi ng'ombe mzima kwa sababu ya mguu. Anasema badilisheni chasisi. Badilisheni magurudumu, milango, rangi, na spika hii ambayo..." Gari likasita. "Samahani. Anasema pia spika hii imeniharibia sauti."

Mlinzi, aliyekuwa amesogea karibu, aliinamisha kichwa. Tunsume akaitoa haraka hoja aliyokuwa akiitafuta tangu ngazini: sheria inaamuru ubongo uteketezwe gari likifutwa, lakini haisemi ni sehemu ngapi za gari zinaweza kubadilishwa likitengenezwa. Mkadiri akisema TENGENEZA, hata mwili mzima ungeweza kuwa mpya.

"Basi aseme Mkadiri mwenyewe," Rwechungura alisema. "Mimi sitaipinga mashine niliyowauzia watu kwamba haikosei. Ifanye ijisahihishe yenyewe, kama unaweza."

Tunsume alifanya kazi hiyo pale pale uani, ameketi juu ya tairi, kompyuta magotini, Damari akiwa bado kitini. Hakumdanganya Mkadiri. Alimfundisha kitu kimoja ambacho hakuwahi kumfundisha: kwamba muda mtu na gari walioutumia kuelewana ni sehemu ya gari, na kwamba ukipotea unagharimu kuupata tena. Alijua kwamba akiligusa hilo moja, maamuzi yote yaliyopita yataonekana yamesimama juu ya hesabu yenye upungufu. Nzi-pima wakatoka tena. Walimzunguka Damari bila kumgusa, wakarudi. Safari hii Mkadiri alichelewa.

TENGENEZA.

Damari alishushwa akiwa amechoka, akaomba maji. Rwechungura hakupeana mkono na mtu. Alipanda ofisini kwake akaahirisha uzinduzi wa Mwanza, Tanga na Mbeya, na kwa miezi mingi wakubwa wa shirika waliwanunia yeye na Tunsume kwa hasara hiyo.

Gari lilitoka kwa mafundi-roboti likiwa na mwili mpya kabisa, mweupe. Lilimwelewa Damari tangu neno la kwanza. Kuendesha ndiko kulikuwa na kazi. Usukani mpya ulikuwa mwepesi, kiti hakikuhisi uzito wake kama kile cha zamani, na kwa wiki kadhaa walikuwa wakigombana barabara nzima ya Bahi, Damari akifoka na gari likiomba radhi. Kufikia wakati wa kuogesha mifugo kwenye majosho, wafugaji walikuwa wameanza tena kusikia sauti ikiwaelekeza, safari hii bila mikwaruzo.

Lakini Tunsume hakupata usingizi wa raha. Neno moja la Damari lilikuwa limebaki masikioni mwake: kwamba alipiga simu na hakuna aliyemsikia. Siku moja mchana, wenzake walipokwenda kula, alimwuliza Mkadiri ni wateja wangapi walipiga simu kupinga kufutwa kwa magari yao na hawakueleweka.

"Hakuna," Mkadiri alijibu.

Tunsume akamwuliza inawezekanaje.

"Asiyeeleweka hahesabiwi kuwa amepinga."

Aliomba sauti zilizorekodiwa za simu zote zisizoeleweka. Zilikuwepo zote, hakuna aliyewahi kuamuru zifutwe, wala aliyewahi kuzisikiliza. Akavaa vipokea sauti, akafungua ya kwanza. Ilikuwa ya mzee, yenye pumzi fupi na maneno yaliyosagika, na mwishoni sauti ya mashine ya Kinga Njema ikamshukuru kwa kupiga simu. Tunsume akaisikiliza tena. Akaisikiliza mara nyingi, amefumba macho, amevibana vipokea sauti masikioni kwa viganja, mpaka wenzake wakarudi na kuanza kumtazama. Mwishowe maneno mawili yakajitenga na mengine.

"Ngojeni nije."

Akatafuta jina la mzee, kisha gari lake. Lilikuwa limesagwa tangu masika yaliyopita.

Tunsume aliandika maneno yale mawili kando ya jina lake. Kisha akafungua sauti iliyofuata.