Chupa ya Maji ya Chini

Mama Redio, jirani asiyepitwa na habari, anaapa kwamba alitia mguu baharini akautoa mbio kama aliyekanyaga birika la chai.

"Bahari imechemka!" alitangaza bombani. "Juu mpaka chini. Mwani hauoti tena hapa, mtanikumbuka."

Wote walicheka, isipokuwa msichana mmoja. Mwani wao, zao la baharini lililowalisha, ulipokufa kwa joto, mama yake alikwenda mjini kufulia watu nguo. Alisema atarudi mwani ukiota. Ndala zake zilibaki mlangoni, na kila asubuhi kabla ya shule msichana yule alizipangusa vumbi.

Jumamosi mama yake mdogo alimpakia kwenye mtumbwi.

"Tukipata maji ya baridi huko chini, tutashusha kamba za mwani. Tukikosa, nauza kamba zote."

Msichana alifunga kipimajoto kwenye uzi, akakizamisha, kisha akakivuta taratibu kisije kikavunjika. Kilionyesha joto lilelile la juu. Machozi yakamlengalenga.

"Kumbe Mama Redio kasema kweli."

"Wewe nawe! Kimepita wapi kikija juu?"

Alifikiri. "Kwenye maji ya moto."

"Basi kimetuletea habari za njiani."

Mama mdogo akatoa chupa iliyofungwa jiwe, kizibo chake kikiwa na uzi wa peke yake. Wakaishusha. Ilipofika chini, msichana alivuta kizibo. Mapovu yakapanda. Wakangoja yaishe, wakaivuta upesi na kutumbukiza kipimajoto ndani. Joto likashuka. Msichana alijimwagia maji shavuni.

"Baridi, mama mdogo! Baridi kabisa!"

"Siku hizi upepo umelala, maji ya moto yametanda juu tu, hayachanganyiki na ya chini. Sikiliza, mwanangu. Ukitaka kujua kitu, kifuate kiliko. Na usilie kabla hujamaliza kazi."

Mchana kutwa walishusha kamba, mikono ikawachubuka.

Jioni mama yake msichana akapiga simu kutoka mjini, akicheka kama kawaida. "Mimi mzima, mwanangu! Kazi si mbaya."

Siku nyingine kicheko kile kingemtosha. Leo msichana alitulia, akasikiliza zaidi. Nyuma ya kicheko alisikia pumzi za mtu aliyechoka, na nguo zikikamuliwa.

"Mama, chini kuna baridi. Tumeshusha kamba. Rudi nyumbani."

Kicheko kikakatika, na kukamua nguo kukakoma. Ikabaki sauti ya maji tu, yakichuruzika kwenye beseni.