Kitunguu Kisicholiza

Kila asubuhi, kabla jua halijatokeza juu ya kilima cha Wanale, Mastula alifagia uwanja wake. Alifagia polepole, kwa sababu mgongo ulimuuma. Nyumba yake ilikuwa Namakwekwe, mjini Mbale. Wakati wa vita vya 1979 alikimbilia Kenya. Aliporudi mwaka wa 1981, alikuta milango na madirisha yameng'olewa. Kuta tu ndizo zilimngoja.

Mastula alikuwa Mnubi. Babu zake walikuja Uganda zamani, wakiwa askari kutoka Sudan. Watu wa mji walikuwa wameumizwa sana na utawala wa jeshi uliokuwa na askari wengi Wanubi, na sasa baadhi ya watu walimhesabia kila Mnubi makosa ya askari hao. Marehemu mume wake alikuwa fundi cherehani, hakuwahi kushika bunduki. Lakini nani angeuliza?

Bombani, jirani mmoja aitwaye Margret alisema kwa sauti, "Wenyewe wamerudi. Wanawake, fungeni kuku!"

Wengine walicheka. Mastula alijitwika debe lake la maji, akaenda zake.

Ni Proscovia tu aliyekuja kumwona. Huyu alikuwa mke wa Ojok, polisi kutoka kaskazini, nao walikaa nyumba ya pili. Siku ya kwanza alileta gunia zito la kuziba mlango, na makaa ya moto kwenye kigae.

"Mama, usiku kuna baridi," alisema.

Jioni ile Mastula alimsikia Ojok ng'ambo ya ua. "Proscovia, sitaki maneno kazini. Usizoeane sana na huyo mama."

"Afande," mkewe alijibu, "gunia nalo ni kosa?"

Januari jua lilikuwa kali. Mastula alipanda dodo, ule mchicha wa Uganda, ikakauka. Alipanda vitunguu vichache vya majani, navyo vikalala chini kama nyuzi. Lakini kando ya njia ya uwanja, mtu aliyeishi pale wakati wa vita aliacha mstari wa mimea iliyofanana na nyasi. Majani yake yalikuwa membamba na ya kijani. Hakuna aliyeimwagilia maji, nayo haikunyauka.

Mastula aliinama akauchimbua mmoja. Chini ulikuwa na kitunguu kidogo chenye ganda la kahawia.

"Ajabu!" alijisemea. "Kitunguu kisichoogopa jua! Nani alikileta hapa?"

Aling'oa vile vyake vilivyonyauka, akavitia kwenye kikapu. Juu yavyo akatia vile vya kando ya njia, hadi kikapu kikajaa. Asubuhi iliyofuata alivinusa. Vilinuka kitunguu. Akafurahi.

Hata hivyo hakuonja. Mama yake alimfundisha kwamba zao la kwanza haliingii kwenye chungu cha mwenye shamba kabla jirani mwema hajapata. Kwa hiyo alichagua vile vinono, akampelekea Proscovia.

"Wee mama! Kiangazi hiki umevipata wapi?"

"Uwanjani kwangu. Wape watoto wale."

"Nitavitia kwenye maharagwe ya mchana. Afande atakula hapa leo."

Mastula alirudi akitabasamu. Lakini swali lilimkereketa. Mbona vile vingine vilikauka na hivi vikastawi? Akachukua kimoja na majani yake, akaenda sokoni kwa Yekosofati.

Yekosofati alikuwa mzee mwenye kofia ya majani. Kabla ya vita alitunza bustani za nyumba kubwa za Nalufenya, kule Jinja. Sasa aliuza miche ya mboga kwenye makopo.

"Mzee, niambie," Mastula alisema. "Kitunguu hiki hakinywi maji. Siri yake nini?"

Mzee alikipokea. Alikinusa, akakunja uso. Alinawa mikono kwa maji ya kopo, akakikata kwa kisu, akanusa ndani.

"Nyabo, mama, umekula hiki?"

"Bado."

"Umempa mtu?"

"Jirani yangu na watoto wake."

"Hiki si kitunguu," mzee alisema. "Ni ua. Huko Nalufenya nililipanda kando ya njia. Mvua ikinyesha, linatoa maua ya waridi. Ni zuri kwa macho tu. Ukilila unatapika, tumbo linakata, unaharisha. Mtoto anaweza kuumwa sana. Kimbia!"

Njiani mawazo yalimpiga Mastula kama mawe. Watoto wa polisi wakiumwa, watu watasema Mnubi amewatilia sumu. Nikisema, watasema hivyo hivyo. Alimwona Margret akimnyoshea kidole. Aliiona nyumba yake ikichomwa. Lakini aliwaona pia wale watoto wawili wa Proscovia, na sahani zao. Akazidi kukimbia. Kandambili moja ilimtoka, akaiacha barabarani.

Uwanjani kwa Proscovia, sufuria ilikuwa imeipuliwa. Watoto walikuwa wameketi mkekani. Ojok alikuwa ananawa mikono. Margret naye alikuwa pale, amekuja kuazima kinu.

"Msile!" Mastula alilia. "Msile! Nimekosea. Vile si vitunguu, ni maua yenye sumu. Sikujua. Wallahi sikujua!"

Ojok alisimama.

"Sumu?" Margret alishika kiuno. "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

Proscovia alizivuta sahani zote upande wake. "Watoto, kuna aliyeonja?"

"Hatujaonja, mama."

Proscovia alishusha pumzi. Kisha akaitazama miguu ya Mastula. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili. Wa pili ulikuwa mtupu, unatoka damu.

"Margret," alisema taratibu, "mtu anayetaka kuua watu, anakuja mbio hivi kuwazuia? Mguu mmoja na kiatu, mguu mmoja bila?"

Margret aliuondoa mkono kiunoni.

Ojok aliutazama ule mguu. "Kaa chini, mama," alisema. "Unavuja damu." Akamsogezea kigoda chake mwenyewe.

"Kumbe ndiyo maana," Proscovia alisema. "Nilivikata vyote, macho hayakutoa hata chozi moja. Nikasema, vitunguu gani vipole hivi?"

Walichimba shimo, wakamwaga maharagwe, wakafukia vizuri ili kuku na mbwa wasiyale. Wakaosha sufuria, kisu na sahani. Maharagwe yalikuwa adimu siku zile, na watoto walianza kulia njaa. Margret aliondoka bila kuaga. Mastula akadhani amekwenda kutangaza mtaani. Baada ya muda Margret alirudi na sahani ya muhogo wa kuchemsha.

"Ni wa watoto," alisema. Kisha, bila kumtazama Mastula, akaongeza, "Na huyo mama mpeni. Amekimbia sana."

Alasiri Yekosofati alifika akihema. Aliposikia wote ni wazima, alimshukuru Mungu. Akaomba mmea mmoja wa kila aina.

"Sogeeni mwone," alisema. "Jani la kitunguu ni la mviringo, na ndani ni tupu kama mrija. Hili la ua ni bapa, halina uwazi."

"Basi tutatazama jani tu," Ojok alisema.

"Hapana, afande. Kitunguu saumu nacho kina jani bapa. Jani peke yake halitoshi. Nusa."

"Mimi nilinusa!" Mastula alisema. "Vilinuka kitunguu kabisa."

"Viliwekwa wapi?"

"Kikapuni, pamoja na vile vingine." Mastula alisimama ghafla. "Lo! Viliazima harufu!"

"Umesema vema. Kwa hiyo nawa mikono kwanza, osha mmea, kata, halafu nusa ndani. Kisichonuka kitunguu, usikile. Hata kikinuka, kama hujui kilikotoka, muulize anayejua. Na usiseme mbuzi amekila, kwa hiyo ni salama. Tumbo la mbuzi si lako. Mtu akikila kwa bahati mbaya, mpeleke hospitali mara moja, na uchukue jani waone alichokula."

"Lakini mzee, hujanijibu," Mastula alisema. "Mbona halifi kwa jua?"

Mzee alicheka. "Wewe huchoki! Jani lake jembamba halipotezi maji mengi. Hiki kitunguu chake ni mtungi, kinaweka maji ya siku za shida. Kitunguu cha kula kina mizizi mifupi, kinataka maji kidogo kila mara."

"Basi tuling'oe lote?" Proscovia aliuliza.

"Mbona mnalionea? Mlipeleke kule kwenye mteremko, likamate udongo mvua inapokuja. Lisikae karibu na mboga, na watoto waonywe."

Wiki ile wakalihamisha. Mzee aliwapa miche ya vitunguu, na hakutaka malipo. Mastula na Proscovia walitengeneza tuta nyuma ya nyumba. Walitandaza nyasi kavu ili udongo usikauke, wakamwagilia asubuhi na jioni maji yaliyooshea mboga. Ojok alipotoka kazini, alileta maji ndoo mbili bila kuombwa. Majirani walimwona. Hakujificha.

Baada ya miezi miwili walikata majani ya kwanza. Mastula alipika maharagwe kwake, akawaita wote. Ojok aliketi mkekani kwa Mnubi, akala, akaongezewa, akala tena.

Mvua ilipokuja, mimea mingi isiyojulikana iliota kwenye viwanja vilivyoachwa na vita. Siku moja Margret alikuja mlangoni kwa Mastula na fungu la majani mabichi.

"Mama," alisema, "haya yanaliwa?"

Mastula alinawa mikono. Alikata, akanusa, akageuza jani huku na huku.

"Siyajui, mwanangu," alisema. "Yaweke chini. Twende sote tukamuulize mzee."