Ndovu na Tela la Milango

Seremala mmoja na mkewe walikuwa na karakana nyuma ya nyumba. Mume alitengeneza milango, meza na viti. Mke alipiga msasa na kupaka vanishi, na ndiye aliyeendesha gari. Gari lenyewe lilikuwa kubwa, la safu tatu za siti. Waliliita Ndovu. Kila Jumamosi Ndovu alivuta tela la samani kwenda kwa wateja, na binti yao mdogo alikaa siti ya nyuma akila karanga.

Mume alikuwa na utaratibu wake wa kupakia. Mzigo wa kushushwa mwisho uliingia kwanza, ukakaa mbele kabisa ya tela. Si wazo baya, maana nani anataka kushusha kabati ili afikie kiti? Lakini mteja wa mwisho alikuwa mjenzi, naye aliagiza milango ya mbao ngumu. Basi milango yote mizito ilirundikana mbele, karibu na ndoano inayounganisha tela na gari. Sanduku la zana nalo lilitiwa kwenye buti.

Ndovu akakaa kitako. Mkia chini, pua juu.

"Bwana Seremala," mke alimtania mumewe, "gari limeinama nyuma."

"Ndovu hashindwi na mkonga wake," mume alijibu, akapanda.

Waliondoka alfajiri, taa zikiwaka. Madereva waliotoka mbele yao walipepesa taa. Mume akawapungia mkono.

"Barabara hii ina watu wa adabu," alisema. "Kila mmoja anatusalimu."

Usukani ulikuwa mwepesi mno mikononi mwa mke, naye hakuupenda wepesi ule.

Wiki iliyofuata mume alikuja na dawa. Alikata tairi kuukuu vipande vipande, akavipachika kwenye springi za nyuma. Mkia ukapanda.

"Umeona?" alisema. "Kazi kwisha!"

Siku hiyo walibeba milango mingine ya mjenzi, na kulikuwa na manyunyu. Kwenye mteremko wa kushukia darajani kuna kona. Mke alikata usukani kushoto. Magurudumu ya mbele yaligeuka, gari halikugeuka. Liliteleza moja kwa moja, na tela likalisukuma kutoka nyuma. Mke aliachia mafuta, akakanyaga breki kidogo kidogo. Ndovu alisimama kwenye changarawe, karibu kabisa na ukingo wa mto. Karanga zilimwagika. Binti akaangua kilio.

Mke alishuka. Alikuwa ameogopa sana, wala hakuficha.

"Mtoto wangu hapandi tena gari hili," alisema. "Na mimi sishiki usukani mpaka nijue lina nini."

Mume alimpigia simu shangazi yake, aliyeendesha malori mpaka akastaafu. Shangazi alikuja kwa pikipiki. Alilivusha gari daraja mwenyewe, polepole, akalisimamisha mahali tambarare. Kisha akalizunguka.

"Nani alipakia?"

"Mimi, Shangazi."

"Ulipima?"

"Nilitazama."

"Milango unaitazama au unaipima? Toa futi yako."

Walipima kutoka chini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele. Wakaweka mawe kwenye magurudumu ya tela, wakalifungua, wakapima tena. Bila tela, pua ya Ndovu ilishuka upana wa vidole vinne.

"Mmeona?" alisema Shangazi. "Tela lilikandamiza nyuma, likainua mbele. Magurudumu yanayokata kona ni ya mbele. Yakikosa uzito, hayashiki barabara. Taa nazo zinatazama juu, zinawapiga wenzenu machoni. Bila shaka wenye magari huwapepesea taa."

Mke akamtazama mumewe. Mume akatazama viatu vyake.

"Lakini nilitia mipira, Shangazi. Mkia ulipanda."

"Uliinua mkia, hukupunguza mzigo. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Si wanasema ndovu hashindwi na mkonga wake?"

"Mkonga uko mbele, mwanangu. Wewe umemtwika matakoni."

Binti alicheka, machozi bado mashavuni.

"Basi milango niiweke nyuma kabisa?" mume aliuliza.

"Ukifanya hivyo tela litayumba mpaka liwapindue. Vizito vikae juu ya magurudumu ya tela, vikiegemea mbele kidogo tu. Katika kila kilo mia za tela na mzigo wake, kilo kumi hadi kumi na tano ndizo zikalie ndoano. Kisha soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, na kitabu cha gari. Vinaeleza gari libebe na livute kiasi gani. Watu wanahesabiwa, na sanduku la zana pia. Springi zikichoka, fundi abadilishe. Kuna springi za upepo, na kuna vyuma vya kufunga kwenye ndoano vinavyorudisha uzito kwenye magurudumu ya mbele. Vinasaidia, lakini haviongezi kiasi kilichoruhusiwa. Mzigo ukizidi, nendeni safari mbili."

Walipakia upya palepale. Sanduku la zana likatoka kwenye buti. Nusu ya milango ikabaki na Shangazi, wakaifuata baadaye.

Jumamosi iliyofuata mipira ilikuwa imetupwa, na fundi alikuwa amefunga springi mpya. Mume alipima pua ya Ndovu kabla na baada ya kufunga tela. Mke akapima tena mwenyewe. Ndipo akamwita binti apande.

Kwenye mteremko manyunyu yalikuwa yaleyale. Mke alikata kushoto, na Ndovu akaenda kushoto. Usukani ulikuwa na uzito wake. Lori likatokea mbele yao, na mkono wa mume ukaanza kupanda wenyewe. Lori likapita. Taa zake hazikupepesa.

Mume akashusha mkono.

"Leo hakuna anayetusalimu," alisema.

"Afadhali," mke alijibu. "Mwanangu, hebu nipe karanga."